Wanafunzi 1,500 Waliopumulia Watoto kwa Mikono, na Swali la Janga Lijalo

Kama uko kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kenya, ujumbe kama huu umeshauona: tunatafuta kitanda cha ICU ya watoto, mtoto ana miezi saba, yuko hospitali ya kaunti, tafadhali sambaza. Chini yake kuna namba ya simu ya baba. Watu wanajibu na imoji za maombi. Mmoja anasema jaribuni hospitali fulani. Mwingine anasema huko nimepiga jana, pamejaa. Halafu grupu linarudi kwa stori za mpira.

Mimi nikiona ujumbe kama huo, kuna swali moja hunikaa kichwani. Hiyo ni Jumanne ya kawaida tu, hakuna janga, na tayari tunatafuta kitanda kwa status. Sasa mafua mabaya yakiingia, na eneo moja lipate watoto 40 wa kuwekwa ICU kwa wiki moja, itakuwaje?

Nimekuwa nikisoma historia ya hii kitu inaitwa ICU, na kumbe ilizaliwa katikati ya janga, ikazaliwa kwa sababu watu hawakuwa wamejiandaa, na mmoja wa wagonjwa wake wa kwanza kabisa alikuwa mtoto. Stori haianzi na mafua na haianzi Kenya. Inaanza Denmark, mwaka 1952, na polio. Nivumilie, tutarudi nyumbani.

Jiji lililokuwa na mashine saba

Kiangazi cha 1952 polio ilishika jiji la Copenhagen. Hayo matone uliyopewa kliniki ukiwa mdogo hayakuwepo. Chanjo ya kwanza ya polio iliidhinishwa 1955. Wagonjwa wote wa kuambukiza walipelekwa hospitali ya Blegdam, na kati ya Julai na Desemba hospitali hiyo ilipokea wagonjwa wa polio zaidi ya 2,700, wengi wao watoto. Kuna siku waliingia 50 kwa siku moja. Zaidi ya 300 kati ya hao wote walipooza hadi wakashindwa kupumua au kumeza wenyewe.

Hospitali ilikuwa na mashine saba za kusaidia kupumua. Moja lilikuwa pafu la chuma, lile pipa kubwa ambalo mgonjwa analala ndani kichwa kikibaki nje, na sita zilikuwa ndogo za kufunga kifuani. Katika wiki tatu za kwanza waliwatibu wagonjwa 31 kwa mashine hizo. 27 walikufa, wengi ndani ya siku tatu.

Mkuu wa hospitali, daktari Lassen, alikubali kumwita mtu ambaye hakuwa mtaalamu wa polio hata kidogo. Aliitwa Bjørn Ibsen, daktari wa nusukaputi, yaani yule anayekulaza kabla ya upasuaji. Ibsen alipoangalia rekodi aliona kitu ambacho wengine walikikosa. Madaktari walidhani wagonjwa wanakufa kwa sababu virusi vimeharibu ubongo. Ibsen akasema hapana, hawa wanakufa kwa sababu hewa chafu inajaa mwilini na haitoki. Mapafu yao ni mazima, ni misuli tu imelala. Na yeye kila siku kwenye chumba cha upasuaji alikuwa anapumulia watu ambao misuli yao imelala. Alikuwa anabonyeza mfuko wa mpira kwa mkono.

Tarehe 27 Agosti 1952 walimpa mgonjwa mmoja ajaribu, msichana wa miaka 12. Historia inamkumbuka kwa jina lake la kwanza, Vivi. Alikuwa amepooza na alikuwa anakufa. Walimtoboa shingoni, wakaingiza mrija kwenye njia ya hewa, Ibsen akaunganisha mfuko. Mwanzoni hewa haikuingia, kifua kilikuwa kimekaza. Akampa dawa ya usingizi, misuli ikalegea, hewa ikaingia. Vivi akaishi.

Sasa shida ikawa nyingine. Mfuko haujibonyezi. Mgonjwa mmoja anahitaji mtu wa kubonyeza mfuko saa 24, siku baada ya siku, na kuna wakati wagonjwa 70 walihitaji kupumuliwa kwa mpigo. Watu hao watatoka wapi?

Walitoka chuo kikuu. Wanafunzi wa udaktari na wa udaktari wa meno waliitwa, wakafundishwa, wakawekwa kwa zamu. Kwa jumla walikuwa kama 1,500, na masaa waliyobonyeza mifuko yanahesabiwa kuwa kama 165,000. Wengine walikuwa na umri kama wangu. Walikaa kando ya kitanda, mkono mmoja kwenye mfuko, macho kwa mtoto, wakimsomea hadithi katikati ya pumzi na pumzi. Kufikia mwisho wa mkurupuko, vifo kati ya waliopooza kupumua vilikuwa vimeshuka kutoka karibu 9 kati ya 10 hadi kama 1 kati ya 4.

Mwaka uliofuata Ibsen alianzisha wadi ya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingine ya jiji hilo hilo, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ICU ya kwanza. Mwaka 1955, kule Göteborg, Uswidi, daktari Göran Haglund akafungua wadi kama hiyo ya watoto peke yao.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema ICU ni mashine, mkumbushe Copenhagen. Mashine saba, vifo 27 kati ya 31. Mikono ya kutosha iliyofundishwa, na mtu wa kupanga zamu, ndiyo iliyogeuza hesabu.

Kwa nini watoto wanahitaji ICU yao

Kuna mtu ataniambia si wawekwe tu kwa ICU ya watu wazima. Ngoja.

Mtu mzima akiwa ametulia anapumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga anaweza kupumua 40 au 50, na hiyo ni kawaida kwake. Mrija unaoingia kwenye njia ya hewa ya mtoto mchanga una upana wa kama milimita 3 na nusu, yaani kohozi kidogo tu likikauka umeziba. Dawa zake zinapimwa kwa kilo, na kuteleza kwa nukta moja ya desimali ni kumpa mara kumi ya kipimo. Mtoto pia anaweza kuonekana yuko sawa, anapigana kimya kimya, halafu anaishiwa nguvu ghafla. Muuguzi aliyezoea watu wazima ni mtaalamu, lakini ukimpa mtoto wa kilo nne bila mafunzo unamuonea yeye na mtoto.

Ndiyo maana huwezi kuweka ICU kamili ya watoto kila mji. Inahitaji watu wengi waliobobea, na wasipoona wagonjwa wa kutosha mikono inasahau. Nchi nyingi zikaamua kuwa na kituo kimoja kikubwa kwa kila eneo. Hapo ndipo swali la pili linazaliwa: mtoto aliye mbali atafikaje?

Mvulana aliyekosa kitanda

Uingereza walijibu swali hilo baada ya msiba. Desemba 1995, mvulana wa miaka 10 kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo aliugua ghafla. Hospitali baada ya hospitali hazikuwa na kitanda cha ICU cha kumpokea. Mwisho alipelekwa hadi Leeds, upande wa pili wa milima, na akafa. Tunazungumzia nchi tajiri hapa, na simu zilizunguka vile vile zinavyozunguka kwetu.

Uchunguzi ulifanywa, na 1997 ikatoka ripoti ya kitaifa kuhusu ICU za watoto. Wazo lake ukilisema kwa lugha ya mtaani ni hili: vitanda viwe kwenye vituo vikubwa vya kimaeneo, na kila eneo liwe na timu ya kwenda kumchukua mtoto. Sisemi ambulensi yenye dereva na king'ora tu. Nasema daktari na muuguzi wa ICU wanaoenda na vifaa hadi hospitali ndogo, wanamtuliza mtoto hapo hapo, ndipo wanasafiri naye. Hospitali ndogo inapiga simu, na kazi ya kutafuta kitanda inakuwa ya timu. Mzazi anabaki na kazi moja, kukaa na mtoto wake.

Soma hiyo tena halafu ukumbuke ule ujumbe wa WhatsApp. Kwetu anayetafuta kitanda ni baba, na bando lake.

Halafu mafua yakaja

Babu zetu waliyajua mafua. Septemba 1918 yaliingia kupitia bandari ya Mombasa, nchi ikiwa bado imechoshwa na vita vya Waingereza na Wajerumani, vita ambavyo maelfu kwa maelfu ya vijana wetu walibebeshwa mizigo hadi wakafa. Jina la Kariakor pale Nairobi linatokana na hao wabebaji. Ugonjwa ukapanda na reli hadi bara. Duniani kote inakadiriwa watu kama milioni 50 walikufa, na ajabu ni kwamba vijana wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40, walikufa sana. Hakukuwa na ICU, na penisilini yenyewe iligunduliwa 1928.

Rukeni hadi 2009. Tarehe 11 Juni Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la mafua mapya ya H1N1, yale tuliyoyaita homa ya nguruwe. Mwisho wa mwezi huo huo Kenya ikathibitisha mgonjwa wake wa kwanza, mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa Kisumu. Wengi wenu mlikuwa shule ya msingi, pengine hamkumbuki hata kidogo, kwa sababu kwetu yalipita bila kelele nyingi.

Kwingine watoto walilipa. Huko Buenos Aires, Argentina, hospitali sita za watoto zilihesabu watoto 251 waliolazwa kwa H1N1. 47 kati yao waliingia ICU na 13 walikufa, kiwango cha vifo mara kumi ya mafua ya kawaida ya 2007. Australia na New Zealand, watoto wachanga chini ya mwaka mmoja walikuwa miongoni mwa walioingia ICU kwa wingi zaidi ukilinganisha na idadi yao. Hesabu za dunia nzima zinaonyesha karibu asilimia 80 ya waliokufa mwaka wa kwanza walikuwa chini ya miaka 65. Mafua ya kila mwaka hufanya kinyume, huwaondoa wazee.

Uingereza ilikuwa na vituo vyake vya kimaeneo tayari, kwa hivyo walikuwa na kitu cha kupanua. Hospitali ziliambiwa zijipange kuongeza uwezo wa ICU hadi karibu mara mbili. Kwa watoto, mpango mmoja ulikuwa rahisi hadi unashangaza: watoto wakubwa, wale wanaokaribia mwili wa mtu mzima, wapelekwe ICU za watu wazima, ili vitanda vya watoto vibaki kwa wadogo. Hiyo ni karatasi, simu na mafunzo. Haikuhitaji jengo jipya.

Na 2020 mambo yakageuka. Korona iliwapiga zaidi watu wazima, na baadhi ya ICU za watoto Uingereza zikapokea watu wazima. Huwezi kujua virusi vijavyo vitachagua nani. Unachoweza ni kuwa na mpango unaogeuka pande zote mbili.

Turudi nyumbani

Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Watafiti walipohesabu uwezo wa hospitali zetu wakati huo, walipata vitanda 537 vya ICU nchi nzima, mashine 256 za kupumulia, na kaunti 22 tu kati ya 47 zilizokuwa na angalau ICU moja. Hivyo ni vitanda vya kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Mtoto wa kaunti ambayo haina hata kimoja alikuwa anategemea barabara.

Najua mnachotaka niseme sasa. Mnataka niseme serikali inunue mashine. Mimi nasema tusianzie hapo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni Copenhagen, nimeshaieleza.

Ya pili ni utafiti uliofanywa hapa hapa kwetu, unaitwa FEAST, uliochapishwa 2011. Ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu, katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Kilifi ilikuwemo. Kwenye nchi tajiri, mtoto kama huyo alikuwa anaongezewa maji mengi ya mshipani haraka haraka, na kila mtu aliamini ndiyo dawa. Matokeo? Waliopewa maji hayo walikufa kama 10 na nusu kati ya 100 ndani ya saa 48. Ambao hawakupewa walikufa kama 7 kati ya 100. Tiba iliyoaminika dunia nzima ilikuwa inaua watoto zaidi kwenye hospitali zisizo na mashine za kupumulia. Bila watafiti wa hapa kuuliza, tungeendelea kunakili.

Kwa hivyo enyewe hatuko sifuri. Tuna watu wanaojua watoto wetu. Kuna kijitabu cha Wizara ya Afya cha miongozo ya kutibu watoto ambacho madaktari na maafisa wa kliniki hubeba mfukoni, na mafunzo ya ETAT+ ya kumtambua mtoto mahututi mapema yamefundishwa kwa miaka mingi. Ufuatiliaji wa mafua kwenye hospitali kadhaa umekuwepo tangu 2006. Kinachokosekana ni uzi wa kuviunganisha kabla ya siku mbaya.

Haya ndiyo ningependa kuona, na mnipinge kwenye komenti.

Kwanza, mpango wa eneo, usiwe wa kaunti moja moja. Tangu 2013 afya iko kwa kaunti, na mtoto mahututi hajui mpaka wa kaunti. Magavana tayari wana jumuiya zao, Pwani wana ya kwao, kaunti za ziwa wana ya kwao. Hukutana kuzungumzia biashara na uvuvi. Wakutane pia waamue: mtoto wa eneo letu akizidiwa, kituo ni kipi, na pesa zinalipwa vipi bila familia kuzuiliwa getini.

Pili, namba moja ya simu kwa kila eneo, na mtu anayejua vitanda vilivyo wazi saa hiyo. Mzazi asiwe ndiye kituo cha simu. Timu ya kuchukua mtoto ianze hata na ambulensi moja, muuguzi aliyefundishwa, na vifaa vya saizi ya mtoto.

Tatu, oksijeni kabla ya mashine kubwa. Watoto wengi wenye nimonia hawafiki hatua ya ICU wakipata oksijeni mapema na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni cha kupima kama inatosha. Wakati wa korona hospitali nyingi za kaunti zilipata mitambo ya oksijeni. Uliza wa kwenu unafanya kazi leo? Fundi wake anaitwa nani? Stima ikipotea, kuna nini?

Nne, orodha ya mikono. Nani ataitwa? Wauguzi wa wadi za kawaida, maafisa wa kliniki, wanafunzi wa udaktari na uuguzi wa mwaka wa mwisho. Wafundishwe sasa, siku mbili tatu kila mwaka, kazi moja moja iliyo wazi: kupima, kunyonya kohozi, kubonyeza mfuko, kujua wakati wa kuita mkubwa. Na walipwe, na wawe na barakoa. Hatuwezi kuwaita mashujaa halafu tuwaache waugue.

Na kuna jambo gumu hakuna anayetaka kuligusa. Siku watoto wawili wanahitaji kitanda kimoja, nani anaamua na kwa sheria gani? Usipoandika jibu mapema, ataamua daktari mchanga peke yake saa tisa usiku, au itaamua pesa, au itaamua unamjua nani. Kwetu hiyo ya tatu ndiyo hushinda, na sote tunajua.

Mimi niliacha chuo, na sikuwa hata nasomea udaktari. Nikiwafikiria wale wanafunzi wa Copenhagen, hao 1,500, naona watu ambao pia walikuwa hawajamaliza. Hakuna aliyewauliza digrii. Waliulizwa kama wako tayari kukaa zamu nzima na kutomwacha mtoto. Lakini msisahau, walifaa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuwafundisha, ratiba ukutani, na hospitali iliyojua majina yao. Nia njema peke yake ni ile imoji ya maombi tunayotuma kwenye grupu.

Wakati mwingine ukipata ujumbe wa kutafuta kitanda, sambaza, ndiyo. Halafu fanya kitu kimoja zaidi. Mwandikie MCA wako, au uliza kwenye kikao cha bajeti ya kaunti, maana hivyo vikao viko wazi kwa wananchi na vijana hatuendi: mtoto mahututi akitokea wadi yetu leo usiku, anapelekwa wapi, na nani anampeleka?

Jibu utakalopata, lilete hapa. Tutalijadili.